Wanafunzi thelathini, injini moja

Kuna mwandishi aliyeandika kwamba vijana wa vyuo vya ufundi hawapati kazi kwa sababu wanadharau kuchafua mikono. Hapo namkatalia. Nina gereji ndogo upande wa Kibuye, Kisumu, na kila mwaka napokea wanafunzi wa ufundi wa injini za dizeli wanaokuja kwa mazoezi.

Wa mwisho alikuwa na daftari safi kweli: mipigo minne ya injini imechorwa kwa rangi, hewa inabanwa mpaka inapata joto la kuwasha dizeli bila plagi. Yote sawa. Lakini lori lilipoishiwa mafuta njiani, likajazwa na bado likakataa kuwaka, akabaki kunitazama. Hewa ilikuwa imeingia kwenye njia ya mafuta. Nikampa spana, nikamwonyesha alegeze bolti ya filta, apige pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, ndipo akaze. Likanguruma. Kijana alicheka, mafuta hadi viwikoni! Kumbe chuoni walikuwa thelathini kwa injini moja, nayo haikuwahi kuwashwa hata siku moja. Huyo alidharau nini?

Mpwa wangu anasoma lishe, na wao wana afadhali, maana wanapelekwa kliniki. Majuzi alikuja na ule utepe wa kupimia mkono wa mtoto, akanieleza kuwa kwa walio kati ya miezi 6 na 59, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: utapiamlo mkali. Amepima watoto, si picha. Kwa nini wa dizeli waachiwe ubao na chaki?