Huyo Mzungu Asiyeoga Ni Mimi

Kabla hamjaendelea kunitumia vile vikatuni vya mtu anayetembea na soksi, nisikilizeni mwenyewe. Jamaa yangu mnayemfahamu ameshasambaza kwamba nilikimbizwa soko la mitumba la Karume nikiitiwa mwizi. Uongo mtupu. Sikukimbizwa. Ningekimbia na nini?

Wateja wa viatu vya mtumba pale Ilala wanajua utaratibu. Muuzaji mjanja hapangi pea. Anapanga mguu mmoja mmoja kwenye turubai, wenzake wako kwenye kiroba nyuma yake, ili ukikwapua uondoke na wa kushoto ukauvae na nani. Asubuhi magunia yakifunguliwa vitu vikali vipo, lakini bei haishikiki. Jioni bei inalainika na vitu vikali vimeshaondoka. Mimi huwa naenda saa nane mchana, muuzaji ameshachoka na jua, na miguu yangu imeshavimba kidogo. Kiatu ukikijaribu asubuhi kikakutosha sawasawa, jioni kitakubana.

Hela huwa naigawa. Mfuko wa mbele ile ninayotaka muuzaji aione. Mfuko wa nyuma ndiyo yenyewe. Halafu Msimbazi mmoja, noti ya elfu kumi, naukunja mara nne, nauweka chini ya soli ya ndani ya kiatu cha kushoto, nauli ya dharura. Kiatu cha kushoto. Shikeni hapo hapo.

Nikaziona buti. Ngozi ya kahawia, soli imeshonwa kuzunguka, siyo ile ya kubandika na gundi. Kwanza nikaulizia makubazi nisiyoyataka, nikayaponda, halafu nikazigusa buti kwa mguu. "Na hizi?" Elfu arobaini na tano. Nikasema kumi na tano. Akacheka, nikacheka, undugu ukaanza. Nikavua raba zangu za kijivu nikaziweka pembeni mwa turubai, nikavaa buti zote mbili, maana wanaooanisha miguu wakati mwingine wanakosea, unakuta wa kulia unazidi wa kushoto nusu namba.

Pembeni mwa turubai, nasema mimi. Muuzaji anasema juu ya turubai. Hiyo kesi bado iko wazi.

Tukavutana mpaka yeye yuko thelathini, mimi ishirini. Hapo mnunuzi anabakiwa na silaha moja tu: kuondoka. Unageuka taratibu, huangalii nyuma, na kabla hujafika kwa muuza mikanda unasikia "Kaka mkubwa, njoo basi tuongee." Nilikuwa najipanga kugeuka ndipo akaja dogo mmoja wa chuo, akasimama jirani yangu, akaokota raba.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo pananiuma.

Raba ilikuwa nyeupe pembeni, kamba mpya nyeupe. Yule msaidizi wa muuzaji, kijana wa brashi na kopo, akamwambia ni elfu ishirini, mzigo wa Uingereza huo. Dogo akaanza kutoa pochi. Mimi na kiherehere changu nikaona mtoto wa watu anaibiwa. Nikasema, "Mdogo wangu, subiri. Lete nikuonyeshe."

Nikaishika. Kwa mikono yangu hii.

Nikalowesha kidole mate, nikapitisha pembeni mwa soli, kidole kikatoka cheupe. "Umeona? Rangi hii, imepakwa sasa hivi." Muuzaji akanyamaza. Nikaikunja pale vidole vinapokunjika, nikamwelekeza atazame nyufa ndogondogo, maana kuna soli za povu zinazooza kwa unyevu hata kama kiatu hakijavaliwa. Kinaonekana kipya, unavaa wiki moja kinamwaga unga barabarani. Hii ilikuwa salama, nikamwambia ukweli. Nikaigeuza. "Ila tazama kisigino, kimelika upande wa nje tu. Aliyevaa hivi anatembea kama bata."

Watu wakacheka. Nikapata moto.

Nikaingiza mkono ndani kutafuta kama vidole vimeacha mashimo. Vimeacha. Halafu, jamani, nikaweka pua. Kwa nini niliweka pua? Nikajirudisha nyuma kwa nguvu, nikatangaza wanisikie mpaka kwa wauza jinzi: "Aisee, huyu mzungu alikuwa haogi!"

Kicheko kilikuwa kikubwa. Mama wa vitenge alijishika kiuno. Jamaa yangu mnayemfahamu alikuwa ananirekodi, akijua anarekodi ushujaa. Dogo akanunua kwa elfu kumi na mbili, akanishukuru kwa mikono miwili, "Asante sana braza, Mungu akubariki," akapotelea kwenye watu.

Nikamgeukia muuzaji wangu nikiwa na heshima zote za mjini. "Bosi, ishirini hutaki, basi mimi naondoka." Nikavua buti. Nikamkabidhi. Nikanyoosha mguu pembeni mwa turubai.

Turubai.

Nikaangalia kulia. Nikaangalia chini ya makubazi. Nikamwangalia yule kijana, naye akaangalia brashi yake. Pembeni ya kopo lake la rangi kulikuwa na kamba za viatu. Za kijivu. Moja ina fundo pale ilipokatika nikaiunga mwenyewe.

Kumbe kazi yake ni hiyo: chochote kilichoko kwenye turubai kinasuguliwa, kinapakwa rangi, kinabadilishwa kamba. Na jua la saa nane halicheleweshi rangi.

Muuzaji alinitazama soksi. Akatazama buti. Nikaona kabisa hesabu ikipita usoni mwake. Mtu anayesema anaondoka, ataondoka na nini? "Kaka mkubwa," akasema kwa upole, "hizi sasa ni thelathini na tano."

Mengine nayafupisha. Nilitishia kwenda kwa viongozi wa soko, akaniuliza nitakwendaje. Nikazichukua kwa thelathini. Kwenye ile kumi na mbili ya dogo akanirudishia nane. Mbili alikata za rangi na kamba, mbili posho ya kijana. Mama wa vitenge akasema dalali naye angepewa chochote, kwa kuwa mteja nilimshawishi mimi. Mnaonishauri kwenye maoni nikanunue soksi za kubadilisha, asanteni, na nguo za ndani za mtumba TBS, shirika la viwango, walishapiga marufuku kwa hiyo msinipeleke huko pia.

Nilikuja kugundua nikiwa kwenye daladala tayari. Nauli nilikuwa nayo, lakini nikiwa nazihesabu zilizobaki mfukoni nikajisemea si kitu, nina ile ya dharura.

Dogo wa chuo, kama uko humu, raba za kijivu namba 42, rangi ya pembeni itakuwa imeshabanduka. Nyanyua soli ya ndani, mguu wa kushoto. Baada ya ushauri wangu umenunua kiatu kwa buku mbili. Hela kaa nayo. Viatu nirudishie, hizi buti zinanibana hata asubuhi.