Presha ya mawazo: tusimcheke mgonjwa mapema

"Daktari, hii presha yangu ni mawazo tu." Hakuna kliniki isiyolijua neno hilo. Mgonjwa husikilizwa kwa tabasamu, kisha huambiwa apunguze chumvi. Ushauri ni sahihi. Tabasamu ndilo lenye kasoro.

Mwaka 1929 daktari mmoja, Donnison, alichapisha vipimo vya watu wapatao 1,000 wa Kavirondo Kusini, Kenya. Presha yao haikupanda kadiri walivyozeeka. Baada ya miaka 40 ilielekea kushuka. Miongo sita baadaye, mwaka 1990, yakachapishwa matokeo ya utafiti uliowafuatilia Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Damu ni ile ile, ukoo ule ule, lakini presha ya waliohama ilikuwa juu kuliko ya waliobaki, na haikungoja uzee.

Wa upande wa chumvi wana ushahidi wao hapo hapo: katika mkojo wa wahamiaji, uwiano wa sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, kwa potasiamu, madini yaliyomo kwenye matunda na mboga, ulizidi ule wa kijijini. Chakula kilikuwa kimebadilika. Zaidi ya hayo, ukimpunguzia mtu chumvi presha hushuka, jambo lililojaribiwa mara nyingi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5 kwa siku.

Lakini utafiti huo huo ulikuta jambo la pili ambalo halitajwi sana: mapigo ya moyo ya wahamiaji yalikuwa ya kasi zaidi. Watafiti wenyewe walishuku mfumo wa neva, ule unaouamsha mwili mtu anapokabiliwa na jambo. Chumba cha kupanga, kibarua kisicho na uhakika, jirani usiyemjua jina. Tuseme basi ni mawazo? Angalau si upuuzi. Neva hizo hizo hufika hadi kwenye figo, na zikichochewa, figo huzuia chumvi ambayo ingetoka na mkojo. Kwa hiyo anayelaumu chumvi na anayelaumu mawazo huenda wanazungumzia figo moja, kila mmoja akiwa amesimama mlango wake.

Kuna mahali mgonjwa hukosea, na kosa lake ni la hatari. Akishaamini kwamba chanzo ni mawazo, siku karo ikilipwa anaacha vidonge. Presha haiumi, haimwambii kwamba bado ipo. Wapo pia wachache ambao chanzo ni tezi iliyo juu ya figo inayomwaga homoni kupita kiasi, hali aliyoieleza daktari Mmarekani Jerome Conn mwaka 1955. Hao, chumvi na mawazo vikilaumiwa miaka nenda rudi, tezi haipimwi.

Kwa walio wengi, vitabu vya tiba bado vinaandika kwamba hakuna chanzo kimoja kinachojulikana. Daktari mwenye kitabu hicho mezani hana sababu ya kumcheka mtu aliyejibu swali ambalo kitabu hakikulijibu. Amwulize alihamia mjini lini, analala saa ngapi, anakula wapi mchana. Kisha amwandikie vidonge.