Nakala Kumi na Moja

Ofisini kwetu kompyuta ya mtu ikigoma, naitwa mimi. Si kwamba najua sana. Naizima, naiwasha, natikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, basi. Siri hiyo niliitunza miaka mitatu.

Siku hiyo nilikuwa natafuta kazi kwingine. Nilingoja wenzangu watoke kwenda kula, nikafungua CV yangu ya kurasa tatu, nikaprinti. Printa iliyo ubavuni mwangu kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikafungua mfuniko, nikachungulia, nikafunga. Nikarudi kubonyeza, safari hii kwa nguvu, eti kipanya kikiumia ujumbe utafika upesi.

Lazima niitetee printa, haikuwa na kosa. Windows 10 ina mpangilio wa kuiacha Windows yenyewe ikuchagulie printa, nayo huchukua ile uliyoitumia mara ya mwisho. Na mimi, jana yake jioni, niliprinti ripoti kwenye printa ya ofisini kwa bosi. Ile ilikuwa imeishiwa karatasi, kwa hiyo CV zangu zilikaa kwenye foleni kwa adabu zote, zikisubiri.

Sekretari aliporudi, akajaza karatasi.

Nilisikia toka mezani kwangu: shwaa, shwaa, shwaa. Nikajisemea, leo kuna mtu ana kazi nyingi. Halafu nikaona kwenye skrini kidirisha cha foleni kinapungua chenyewe: 11, 10, 9.

Nilipita korido mbio, nikaingia bila hodi, nikachomoa waya ukutani. Ikazimika. Nikazoa karatasi zote, nikazificha nyuma ya mgongo. Hapo ndipo bosi akatokea mlangoni.

"Vipi, imekufa?"

"Imepata joto kidogo, bosi. Tuiache ipumzike."

"Aa, hizi ukizizima na kuziwasha zinapona. Si wewe mwenyewe ulinifundisha?"

Akachomeka waya.

Sasa, mimi niliamini kwamba printa ikikatiwa umeme husahau kila kitu. Kumbe kazi zenyewe hazikai huko. Zilikuwa zimetulia kwenye kompyuta yangu, ambayo nilikuwa nimeiacha imewaka, skrini wazi, kila mpita njia aione. Printa ikaamka, ikakohoa, ikanguruma, ikaendelea na kazi yake. Ukurasa wa kwanza ukateleza nje taratibu, jina langu likitangulia kwa herufi nene.

Bosi aliuchukua. Akatafuta miwani. Akaivaa. Akasoma kuanzia juu bila haraka, huku nyuma yake printa ikitema nakala nyingine, na nyingine tena. Akavuta kalamu nyekundu mfukoni, akapigia mstari sehemu moja, akanirudishia.

Mstari ulikuwa chini ya maneno haya: "Ujuzi wa kompyuta: kiwango cha juu."

"Hapa," akasema, "punguza kidogo."