Jaji mstaafu na redio yake

Kuna mzee jirani yangu huku Marekani, jaji mstaafu, na kabla ya ujaji alikuwa ripota wa gazeti. Kila mwezi anaichangia hela redio ya umma ya hapa kwetu, na ukikaa naye dakika tano lazima akuulize we unachangia ngapi.

Mwanzoni nilimbishia sana. Mi nimekulia Tanzania enzi za RTD, redio ya serikali kwangu ni kiongozi kafungua hiki kiongozi kazindua kile, halafu matangazo ya vifo (hayo kusema kweli ndo tulikuwa tunayasubiri, nyumba nzima kimya msije mkapitwa na msiba wa ukoo). Nikamwambia mzee, anayekulisha utamkosoaje? Akacheka, akasema ndo maana sheria ya 1967 aliyoisaini Rais Johnson haikuunda idara ya serikali, iliunda shirika binafsi lisilo la faida, CPB, la kuvigawia hela ya serikali vituo vya redio na TV vya umma, na hela yake bunge likawa linaitenga miaka miwili kabla, ili mwanasiasa akikasirishwa na habari ya leo asiwanyime chakula kesho.

Sasa hapo hapo ndo pamevunjwa. Julai 2025 bunge likazifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimeshatengwa kwa 2026 na 2027, Seneti 51 kwa 48, Trump akasaini, wiki iliyofuata CPB ikatangaza inafunga. Watu wanabishana NPR, ile redio ya umma ya kitaifa, ina upendeleo au haina, sawa, hata mi kuna siku nazima redio kwa hasira, ila NPR yenyewe hela ya moja kwa moja ya serikali ilikuwa kama asilimia 1 tu ya bajeti. Wanaoumia ni vituo vidogo. Mfano KYUK ya Bethel, Alaska, mji ambao hata barabara ya kuunganisha na miji mingine hauna, inatangaza Kiingereza na Kiyup'ik, lugha ya wenyeji wa kule, na sehemu kubwa ya bajeti yake ilitoka CPB. Oktoba mwaka huo huo mabaki ya kimbunga Halong yakapiga vijiji vya ukanda ule, Kipnuk nyumba zikaelea kabisa. Siku kama hiyo watu wanaihitaji redio, na tajiri gani anatangaza biashara yake kule?

Ila kilichonishika mimi ni habari ya mahakama. Mzee anasema mlango wa mahakama uko wazi kisheria, yeyote aingie akae, lakini miaka yake ya mwisho benchi la waandishi lilikuwa tupu, gazeti la mji lilishakufa, kabaki binti mmoja wa redio na kinasa sauti chake. Na siku binti hayupo, we jaji unaanza kuzembea bila kujijua, unachelewa kuingia, unamkatisha wakili wa mtu maskini ili uwahi chakula cha mchana. Anakiri kabisa kwamba alishafanya hivyo.

Yule binti alipunguzwa kazini mwaka jana. Mzee kaongeza mchango wake mara mbili, mimi bado sijatoa hata senti na kila asubuhi naisikiliza.