Meza ya fundi na zile sentimita 23

Ukigusia ligi ya mpira wa meza kwa skuli za Unguja na Pemba, mazungumzo hukwama kwenye meza. Wako wanaosema tusubiri meza za mashindano kutoka nje, zilizoidhinishwa na Shirikisho la Kimataifa. Wako wanaosema fundi seremala atengeneze, watoto waanze kucheza. Hawa wa pili huonekana watu wa bora liende, na hapo ndipo wanapoonewa.

Wenye kusubiri wana hoja. Mtoto aliyezoea meza inayodundisha ovyo akenda kushindana Dar es Salaam, mpira humfikia kabla hajajipanga. Historia nayo inawapa nguvu: Uingereza, Desemba 1901, vyama viwili vilizaliwa kwa kupishana siku chache, kimoja cha Table Tennis na kimoja cha Ping Pong, mchezo ule ule lakini kila kimoja na kanuni zake. Viliungana 1903, lakini kufikia 1904 ile homa ya mchezo ilikuwa imeshapoa.

Sawa, ila kilichokosekana pale ni kanuni moja, si bidhaa moja. Ping-Pong lilikuwa jina la biashara lililosajiliwa. Mchezo ulipofufuliwa miaka ya 1920, wafufuaji walilazimika kuliacha, maana lilikuwa na mwenyewe. Akina Ivor Montagu, Mwingereza kijana wa miaka 22 wakati ubingwa wa kwanza wa dunia ulipochezwa London Desemba 1926, walijenga mchezo juu ya vipimo ambavyo yeyote angeweza kuvifuata.

Na kipimo cha meza mpaka leo kinasema hivi: uso uweze kuwa wa kitu chochote, mradi mpira ukiangushwa kutoka sentimita 30 urudi juu kama sentimita 23, na uwe hivyo meza nzima. Kitu chochote! Kanuni haikutaja kiwanda wala bei. Shika rula wima, achia mpira bila kuusukuma, mwenzako arikodi kwa simu. Rudia mahali kumi na mbili kila upande, pembeni na kwenye maungio hasa.

Meza nyingi za fundi hufeli hapo, na sababu inajulikana. Plaiwudi ya milimita 12 humeza mpira katikati ya mihimili na kuurusha juu ya muhimili wenyewe. Tumia ya milimita 18, mihimili isipishane zaidi ya sentimita 30. Tatizo la pili ni hesabu. Bamba la plaiwudi lina mita 2.44 kwa 1.22. Nusu ya meza ni mita 1.525 kwa 1.37. Upana unapungua sentimita 15 kamili, kwa hiyo meza moja inakula mabamba matatu, la tatu likatwe vipande viwili vya kuunganishia. Mafundi wengi huviweka mwishoni, kwenye ukingo wa mchezaji, ambako mipira mirefu ndiko inakotua. Vipelekwe upande wa wavu, na chini ya kila ungio upite muhimili. Rangi iwe ya kiza na isiyong'ae, mistari myeupe ya kingoni iwe ya sentimita 2.

Hao wanaosubiri wanasahau pia hewa yetu. Meza nyingi za bei nafuu zinazoagizwa ni za chipubodi, yaani vipande vidogo vya mbao vilivyogandamizwa kwa gundi. Masika moja kwenye ukumbi wenye madirisha wazi, kingo zinavimba na hazirudi tena. Plaiwudi ya baharini iliyopakwa rangi pande zote, hata chini, huvumilia zaidi.

Penye kuhitaji ukali wa kweli ni wavu. Kwenye ubingwa wa dunia wa Prague 1936, pointi moja kati ya wachezaji Ehrlich na Paneth ilichukua zaidi ya saa mbili; baada ya hapo wavu ulishushwa mpaka sentimita 15.25. Kwetu mara nyingi hulegea katikati, na mchezaji wa kushambulia hupendelewa bila kujua. Kijiti kilichokatwa urefu huo kinatosha kuukagua kabla ya kila mechi.

Basi ligi na ianze, ikiwa na mtu mmoja mwenye rula, mpira mpya, kijiti chake, na ruhusa ya kuikataa meza yoyote, iwe ya fundi wa Mkoani au iliyoshushwa juzi bandarini Malindi.