Asante kwa Kitu Chako Mwenyewe

Tangu Jumanne, Januari 3, 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipowatangazia viongozi wa vyama vya siasa pale Ikulu, Dar es Salaam, kwamba zuio la mikutano ya hadhara limeondoka, wapinzani wanarushiwa swali moja vijiweni na mitandaoni: mbona hamshukuru? Mmepewa mlichokililia tangu zuio lianze Juni 2016, bado mnanuna.

Nianze na Rais. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ingawa hapa mnyonge si yeye. Kikosi kazi cha Profesa Rwekaza Mukandala, kilichokusanya maoni kuhusu siasa za vyama vingi, kilimkabidhi mapendekezo yake Oktoba 2022, na kabati za serikali zetu zina nafasi kubwa ya kuhifadhi ripoti za aina hiyo. Hakuiweka kabatini. Alipoomba siasa za kistaarabu, za kujenga na si kubomoa, hakuomba jambo la ajabu. Majukwaani tumewahi kusikia maneno ambayo mtu hawezi kuyarudia mbele ya mama mkwe. Na hoja ya mtangulizi wake, John Magufuli, kwamba uchaguzi umekwisha, watu wafanye kazi, siasa tukutane 2020, ilipendwa na wengi. Tusijifanye leo kwamba haikupigiwa makofi.

Lakini hao wanaoitwa wasio na shukrani wanasema nini hasa? Hawasemi Rais amekosea. Wanauliza alichoondoa kilikuwa kitu gani. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 kinasema chama kilichosajiliwa kina haki ya kufanya mikutano ya hadhara baada ya kumpa taarifa ofisa wa polisi wa eneo, na tena kina haki ya kulindwa. Taarifa, si maombi. Bunge halikukifuta kifungu hicho 2016. Kilikuwapo siku ile Rais wa awamu ya tano, Magufuli, anazungumza, na kilikuwapo kila siku polisi walipowatawanya watu. Rais Samia mwenyewe Jumanne ile alikiri kwamba mikutano ni haki ya vyama kisheria. Basi kwa miaka sita na nusu sheria ilikuwa likizo, na haikuomba likizo hiyo yenyewe.

Ukimrudishia jirani baiskeli yake uliyoichukua bila kumwambia, huenda akakushukuru kwa uungwana. Usimkasirikie akiikagua matairi kwanza.

Na matairi yana haja ya kukaguliwa. Mbunge aliruhusiwa kuhutubia jimboni kwake tu, wakati mwenyekiti wa chama tawala, CCM, ambaye ndiye pia Rais, alisimamisha msafara barabarani na kuzungumza na umati akiwa kwenye ziara ya kikazi. Chama kisicho na dola hakina ziara ya kikazi. Kina viwanja, spika za kukodi na gari bovu. Ukikinyima viwanja, umekinyima njia pekee ya kumfikia mtu wa kijijini asiye na kifurushi cha intaneti. Mwaka 2015 mgombea urais wa upinzani alipata karibu asilimia 40 ya kura. Novemba 2019, kwenye serikali za mitaa, CCM ikatangazwa kushinda kwa zaidi ya asilimia 99, baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa na vyama vyao kususa. Mwaka 2020 CCM ikachukua majimbo 256 kati ya 264. Sisemi zuio peke yake lilifanya hayo. Nasema anayeshangaa upinzani kudhoofika ahesabu pia miaka uliyofungwa mdomo.

Hoja ya usalama, kwamba mikutano huleta fujo, nayo inastahili kusikilizwa, ila kwa ukamilifu wake. Septemba 2012, kijijini Nyololo, Mufindi, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa wakati chama cha upinzani, Chadema, kikifungua tawi. Aliyetiwa hatiani alikuwa askari, akafungwa miaka 15 Julai 2016, wakati zuio halijatimiza hata miezi miwili. Siku ile hatari haikutoka kwa msemaji wa jukwaani.

Hata neno "kistaarabu" nalipokea, ila ningependa kujua nani atalipima. Kumwita waziri mwizi bila ushahidi ni utovu wa adabu. Kusoma ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, uwanjani kwa sauti kali, huku umati unazomea? Mimi naona huo ndio ustaarabu wenyewe. Nina hofu kuna mkuu wa wilaya atakayeona tofauti.

Ndiyo maana sitarajii jibu la hotuba hii litoke Ikulu. Litatoka kwenye kaunta ya kituo cha polisi cha wilaya, siku katibu wa chama fulani atakapopeleka barua ya taarifa saa 48 kabla ya mkutano kama sheria inavyotaka. OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, akiipiga muhuri na kuuliza anahitaji askari wangapi wa kulinda uwanja, watu wa Ikulu watakuwa na haki ya kuuliza shukrani ziko wapi. Akisema subiri kwanza, kuna taarifa za kiintelijensia, katibu ataitambua sauti hiyo. Aliisikia kabla hata ya 2016.