Deni la biashara likichelewa, sheria iliwekee bei

Nikiulizwa ni kitu gani cha Uingereza ningependa tuwe nacho Tanzania, watu hutegemea nitaje treni au hospitali. Mimi nataja sheria ya mwaka 1998 ya madeni ya biashara yanayocheleweshwa. Nina kampuni ndogo ya usafi wa ofisi hapa Leeds, na bila sheria hiyo sijui mishahara ya vijana wangu ningeitoa wapi.

Inamhusu mfanyabiashara anayemdai mfanyabiashara mwenzake au ofisi ya umma. Kama hamkupanga tarehe ya malipo, mdaiwa ana siku 30 tangu apate ankara au huduma, kile kilichokuja mwisho. Zikipita, riba inaanza kuhesabika yenyewe hata kama mkataba haukuitaja: asilimia 8 juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Uingereza. Kwa nusu ya kwanza ya 2025 ilifika asilimia 12.75. Kando ya riba kuna fidia ya usumbufu: pauni 40 kwa deni lisilofika 1,000, pauni 70 kuanzia 1,000 hadi chini ya 10,000, na pauni 100 kuanzia 10,000 kwenda juu.

Chukua ankara yangu ya pauni 2,400 iliyokaa siku 90 baada ya muda wake. Riba ya mwaka ni pauni 306. Gawa kwa 365, ni kama peni 84 kwa siku, yaani pauni 75 na ushee kwa siku hizo zote. Mimi ni Mwislamu na riba siigusi, lakini fidia ya pauni 70 niliidai. Niliwaandikia barua fupi, nikataja sheria, nikaweka hesabu. Mhasibu wao hakununa wala hakuniita msumbufu. Alilipa deni na fidia yake, na ofisi zao tunazisafisha mpaka leo.

Sasa njoo Tanga. Kaka yangu anasambaza vifaa vya ofisi: karatasi, wino wa printa, viti, makabati. Anapewa LPO, yaani hati ya mteja ya kuagiza mali, anapeleka mzigo, anasainiwa hati ya kupokelea, kisha unaanza msururu wa njoo kesho. Leo mhasibu yuko semina, kesho fungu halijaingia, keshokutwa mfumo unasumbua. Wakati huo benki haimsubiri hata siku moja kwenye rejesho la mkopo alionunulia ule mzigo. Kinachoniuma zaidi ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Ankara ikishatoka, ile asilimia 18 inatakiwa iwe imefika TRA, mamlaka ya mapato, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mteja awe amelipa au hajalipa. Kaka anaitanguliza serikalini kodi ya pesa ambayo hajaiona, na mara nyingine anayemdai ni ofisi ya serikali hiyohiyo! Huku Uingereza biashara ambayo mauzo yake ya mwaka hayazidi pauni milioni 1.35 inaruhusiwa kulipa VAT pale tu mteja anapolipa.

Tanzania mahakama ipo, najua. Lakini riba ya deni lililoamuliwa na mahakama, asilimia 7 kwa mwaka, au hadi 12 mkiwa mmekubaliana kwa maandishi, huhesabiwa tangu siku ya hukumu. Ya kabla ya hapo inategemea ushahidi wako na atakavyoona hakimu. Mwenye duka la vifaa vya ofisi atamlipa wakili kwa kipi, na tenda ijayo ataipata kwa nani?

Woga huo wa kumpoteza mteja hata huku upo. Kampuni kubwa zinachelewesha, na wadogo wengi wananyamaza. Tofauti ni kwamba haki yako haifi kwa kunyamaza: England una miaka 6 ya kudai, hata kama deni lenyewe lilishalipwa kwa kuchelewa. Mnaweza kumaliza kazi, mkaachana, ndipo ukapeleka hesabu yako. Mhasibu anayelijua hilo anafikiri mara mbili kabla ya kulalia ankara ya mtu.

Nimemshauri kaka aweke kipengele cha fidia ya ucheleweshaji kwenye mikataba yake mipya. Baadhi ya wateja binafsi wamesaini. Wengine wamemwambia achague, kipengele au biashara, na kwa wale amekifuta kwa sababu ana watoto wa kulisha. Hapo ndipo ninapolililia Bunge letu. Mzabuni mdogo hana ubavu wa kubishana na mnunuzi mkubwa mezani. Fidia ikiwa ndani ya sheria, na ofisi za umma zikiwa za kwanza kubanwa nayo, hatahitaji kuiombea saini ya mtu.